Kuwa na Kitu na Kukimiliki: Ugomvi wa Ufukara katika Kanisa la Zama za Kati

Wenzetu waliokwisha kufundisha Historia ya Kanisa watakubali pamoja nasi ya kuwa wanafunzi hawashangai sana wakisikia kwamba maaskofu wa Ulaya ya kale walikuwa na mashamba, ngome na askari. Mkubwa kuwa na mali ni jambo wanalolijua. Linalowashangaza ni habari ya tarehe 7 Mei, 1318, siku ambayo watawa wanne wa shirika la Mtakatifu Fransisko walichomwa moto mjini Marseille, katika nchi ambayo leo ni kusini ya Ufaransa, hali hawakuwa wamekana Utatu wala Ufufuo. Walikuwa wamekataa amri iliyohusu urefu wa mavazi na kuwekwa kwa nafaka ghalani. Mwaka mmoja mwanafunzi wetu, kijana mtaratibu asiyependa kusema mbele za watu, alisimama akauliza, "Mwalimu, walikufa kwa ajili ya ghala?" Tulimjibu kwamba walikufa kwa sababu ya kukosa utii. Akaketi, lakini usoni mwake tuliona ya kuwa hakuridhika, na kwa kweli hata sisi hatukuridhika.

Tangu siku ile tumelirudia jambo hili mara nyingi, na hapa twataka kuwaeleza ndugu zetu walimu na makasisi tuliyoyaona. Ugomvi ule ulikuwa wa mali na wa mamlaka, hilo halina shaka. Lakini ulipiganwa kwa maneno, na maneno yenyewe ni machache: kuwa na, kutumia, kumiliki. Anayetaka kuufahamu kwa Kiswahili atakuta ya kuwa lugha yetu yamsaidia mahali asipotarajia, na mahali pengine yamtega.

Tuanze na maskini mwenyewe. Kiswahili kina majina mengi ya mtu huyu: maskini, fukara, mkata, mnyonge, hohehahe. Maskini na fukara yametoka katika Kiarabu, na hilo la pili kwa Kiarabu ni la wingi, ila sisi twalitumia kwa mtu mmoja bila wasiwasi. Katika Kanisa fukara limepata kazi yake maalumu, maana nadhiri ya mtawa huitwa ufukara, wala haiitwi umaskini. Na waliochagua hivyo walichagua vema, kwa kuwa umaskini humpata mtu asipotaka, bali ufukara wa mtawa huushika mwenyewe kwa hiari yake. Mnyonge ni habari nyingine. Mnyonge aweza kuwa na shamba na mbuzi wawili, na bado akawa mnyonge, kwa sababu hana wa kumtetea. Mithali ya wazee yasema: maskini haokoti, akiokota huambiwa ameiba. Mithali hiyo haigusi njaa hata kidogo. Yasema juu ya haki.

Basi msomaji wa maandishi ya Kilatini ya siku za mfalme Charlemagne, aliyekufa mwaka 814, atakuta neno pauper, ambalo kwa desturi twalitafsiri maskini, limewekwa mara nyingi likabiliane na neno potens, yaani mwenye nguvu, badala ya dives, tajiri. Pauper wa siku zile huenda alikuwa mkulima huru mwenye shamba lake. Alichopungukiwa ni silaha, na ukoo mkubwa, na bwana wa kumkinga. Sheria za wafalme wale ziliwaonya wenye nguvu wasiwaonee maskini, na maana yake ilikuwa wasiwanyang'anye ardhi yao na kuwatia chini yao. Kwa hiyo maskini wa karne ya 9 ni mnyonge wetu. Baadaye, katika karne ya 12, miji ilipokua na fedha ilipoenea mikononi mwa watu, ndipo walipozoea kumweka maskini mbele ya tajiri. Twaomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana litarudi.

Utajiri wa Kanisa lenyewe twaweza kuueleza kwa kifupi. Mwaka 779 Charlemagne aliamuru zaka zilipwe na watu wote. Wafalme na mabwana walitoa mashamba kwa ajili ya roho zao, na shamba lililokwisha kutolewa halikugawanywa tena kati ya warithi, kwa kuwa kanisa halifi. Hivyo mali iliongezeka kizazi baada ya kizazi. Askofu mwenye nchi alikuwa pia hakimu na mtoza ushuru. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ilimkataza mtawa kuwa na kitu chochote kiwe chake, hata kalamu ya kuandikia, lakini haikuikataza nyumba ya watawa kuwa na mali. Nyumba ya Cluny, iliyoanzishwa mwaka 910 na Guillaume, mtawala wa Aquitaine, ilipata kuwa na ardhi nyingi, na chini yake nyumba ndogo katika nchi mbalimbali za Ulaya. Humo kila mtawa alikuwa fukara, na mafukara hao kwa jumla yao walikuwa matajiri. Wanafunzi hucheka wakisikia hivyo. Lakini tukiwakumbusha ardhi ya ukoo, ambayo hakuna mtu mmoja awezaye kusema ni yangu, na hata hivyo ukoo hauna njaa, kicheko hukoma.

Wako waliochukizwa na mambo hayo. Mfanyabiashara wa Lyon aitwaye Valdes aligawa mali yake yapata mwaka 1173 akaanza kuhubiri barabarani. Mwaka 1184 wafuasi wake walihukumiwa pamoja na wazushi wengine, na sababu kubwa ni kwamba walihubiri bila ruhusa. Hakuna aliyewalaumu kwa kuwa fukara. Walilaumiwa kwa kusema.

Fransisko wa Assisi alizaliwa mwaka 1181 au 1182, mwana wa Pietro di Bernardone, mwuza nguo. Mwaka 1206, mbele ya askofu wa mji na watu wote, alivua nguo zake akamrudishia baba yake. Mwaka 1209 alikwenda Roma na wenzake wachache, na Papa Inosenti III akawapa ruhusa kwa mdomo. Yeye aliwaita wafuasi wake ndugu wadogo. Katika miji ya Italia wakati ule watu wa chini waliitwa minores, wadogo, na wakubwa waliitwa maiores. Basi jina lile lilikuwa na makali, na kila mtu wa Assisi alilisikia. Fransisko alikuwa ameyakataa yote mawili kwa pamoja, fedha na nguvu. Kanuni yake, iliyothibitishwa na Papa Honorio III mwaka 1223, iliwakataza ndugu kupokea fedha wao wenyewe au kwa mkono wa mtu mwingine, na iliwaagiza wasifanye kitu chochote kuwa chao, wala nyumba, wala mahali. Tena katika wasia wake wa mwaka 1226 aliwakataza wasitie maelezo yoyote juu ya Kanuni, wala wasitafute barua za ulinzi kutoka Roma. Kwa hakika alijua ya kuwa wanasheria wako njiani.

Alikufa mwezi wa Oktoba mwaka uleule. Mwaka 1228 Papa Gregori IX, aliyekuwa rafiki yake wa zamani, alimtangaza mtakatifu, na siku iliyofuata akaweka jiwe la msingi la kanisa kubwa la orofa mbili huko Assisi, ili mwili wake uzikwe humo. Mwenye kwenda leo huliona. Ni zuri mno, wala hatusemi kwamba halikustahili kujengwa. Ila swali lilikuwa lile la mwanafunzi yeyote mwenye akili: kanisa hili ni la nani?

Ndugu wenyewe waliuliza. Shirika lilikuwa limeenea upesi, lilikuwa na nyumba za kulala, vitabu vya kusomea, vyombo vya misa, na wasomi waliofundisha katika vyuo vikuu. Mwaka 1230 Gregori alijibu. Alisema kwanza ya kuwa wasia wa Fransisko hauwafungi, maana hakuweza kuwafunga waliomfuata bila ridhaa yao. Kisha akasema kwamba ndugu hawana milki ya kitu chochote, kila mmoja peke yake wala wote kwa pamoja, bali wana matumizi tu. Fedha za sadaka ziliweza kushikwa na watu wengine, walioitwa marafiki wa kiroho, wakawanunulia ndugu mahitaji yao. Mwaka 1245 Inosenti IV alikamilisha mpango huo: kila kitu walichokitumia ndugu, ikiwa mtoaji hakujiwekea milki yake, kilikuwa mali ya Kanisa la Roma.

Mwalimu akaaye katika nyumba ya misheni hataona shida kulifahamu jambo hili. Nyumba yake anailala, paa likivuja analiziba, maua mlangoni ameyapanda yeye. Lakini akihamishwa atatoka na mikeka yake, na nyumba itabaki. Wasomaji wa pwani watakumbuka wakfu, ambapo mtu hulitenga shamba au nyumba, watu wapate faida yake na wala asiweko mtu wa kuiuza. Mfano ni mzuri, ila una mwisho wake. Katika wakfu, kwa mafundisho yanayofuatwa pwani, milki huhesabiwa kuwa imerudi kwa Mungu. Katika mpango wa Inosenti mwenye milki alikuwa mtu hai, aliyekaa Roma, mwenye makarani na muhuri. Na mtu hai aweza kubadili nia yake.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuyatazame maneno. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kuwa na kitu. Twasema nina kitabu, na tukilipasua neno hilo twaona maana yake ni mimi ni pamoja na kitabu. Mtu aweza kusema, nina kitabu cha mwalimu, wala hakuna atakayeshangaa. Kilatini husema habere, na neno hilo nalo ni pana kama letu, hubeba kushika, kuwa na, na kumiliki. Lakini neno la wanasheria lilikuwa dominium, na dominium limetoka katika dominus, maana yake bwana. Kumiliki kitu kwa Kilatini ni kuwa bwana wake. Lugha yetu yashuhudia jambo lilo hilo. Kumiliki ni neno la Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa kutamalaki, yaani kutawala. Milki ni mali ya mtu, tena ni nchi ya mfalme. Hata katika Kibantu chetu mwenye ni yule aliye na kitu, na kutoka hilo pwani walipata mwinyi, jina la heshima, na Unguja ilikuwa na mtawala wake aliyeitwa Mwinyi Mkuu. Basi mtu anayesema sina milki amesema kwa neno hilohilo, simtawali mtu wala kitu. Hivyo ndivyo alivyotaka Fransisko. Na anayesema milki ya vitu vyenu iko kwangu amesema pia, apende asipende, mimi ni bwana wenu.

Mtakatifu Klara wa Assisi alilitambua jambo hili mapema kuliko wanaume wengi. Gregori IX alipotaka kumpa mali kwa ajili ya nyumba yake ya masista, alikataa, na mwaka 1228 akapata kwa Papa huyohuyo hati ya kwamba hakuna mtu awezaye kumlazimisha kupokea mali. Kanuni yake mwenyewe ilithibitishwa tarehe 9 Agosti, 1253, naye akafa tarehe 11. Yafaa tuwaambie wanafunzi wetu wa kike kwamba mama huyu alingoja ruhusa ya kuwa fukara kwa muda wa miaka mingi kuliko wengine wanavyongoja urithi.

Mwaka 1279 Papa Nikolao III alitaka kuufunga mjadala. Katika barua yake aliigawanya habari ya mali katika sehemu tano: umiliki, kushika kitu mkononi kisheria, haki ya kupata mapato ya kitu, haki ya kukitumia, na mwisho matumizi matupu, yaani tendo lenyewe la kula, kuvaa na kulala, lisilo na haki yoyote nyuma yake. Ndugu Wadogo, alisema, wameziacha nne za kwanza wakabaki na ya tano, na kufanya hivyo ni kuufuata mfano wa Kristo na mitume wake. Wakati mwingine Kristo alikuwa na mfuko, kama tusomavyo katika Yohane 12:6, lakini hapo alikuwa akiushukia udhaifu wa watu. Tena Nikolao aliwakataza watu wasiijadili barua yake, kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa.

Mjadala haukufungika, kwa sababu palibaki swali ambalo sheria haikuligusa. Ikiwa mtu hana milki ya ghala, je, yafaa alijaze? Petro Yohane Olivi, mtawa wa kusini ya Ufaransa aliyekufa Narbonne mwaka 1298, alifundisha ya kuwa nadhiri yadai pia matumizi ya kifukara, maana ni nini faida ya kusema divai si yangu na huku nainywa kama tajiri? Waliomfuata waliitwa Waroho, yaani watu wa roho. Walivaa kanzu fupi zenye viraka, wakakataa ghala na pishi. Wenzao walio wengi waliona ya kuwa shirika kubwa haliwezi kuishi hivyo, tena ya kuwa mtu hawezi kuweka nadhiri ya jambo lisilo na kipimo. Nasi twakiri kwamba hoja hiyo ya pili si nyepesi. Anayeweka nadhiri asile nyama anajua lini ameivunja. Anayeweka nadhiri ya kutumia vitu kifukara atajuaje? Baraza la Vienne na Papa Klementi V, mwaka 1312, walijaribu kuwapatanisha, na kwa muda kidogo walifaulu.

Mwaka 1316 alichaguliwa Papa Yohane XXII, aliyezaliwa Cahors, mwanasheria, mzee mwenye akili kali na mpangaji hodari wa mapato. Yeye alikaa Avignon, si Roma, na chini ya mkono wake hazina ya Papa ilijaa, hasa kwa malipo yaliyotozwa kila mtu apatapo cheo cha kanisa chenye mapato. Mwezi wa Oktoba 1317 aliamuru ya kwamba upana na urefu wa kanzu, na kuweka ghala au kutoweka, ni juu ya wakubwa wa shirika kuamua, na ndugu watii. Akaongeza ya kuwa ufukara ni wema mkubwa, lakini utii waupita. Waroho wa Narbonne na Béziers waliitwa Avignon. Wengi walikubali. Wachache walisema Papa hana uwezo wa kuibadili Kanuni, kwa kuwa Kanuni ni Injili yenyewe. Walitiwa mikononi mwa mchunguzi wa uzushi, ambaye mwenyewe alikuwa wa shirika hilohilo, na wanne wakafa katika moto wa Marseille.

Sasa twaweza kumjibu kijana wetu vizuri zaidi. Ghala lilikuwa mahali ambapo swali lilikutwa. Wale wanne walisema kwamba mtu aliyeacha vyote amebakiwa na kitu kimoja ambacho mkubwa hawezi kukigusa, nacho ni nadhiri yake. Papa akasema hakuna kitu kama hicho. Kama hayo yastahili moto, msomaji ataamua, sisi hatuoni.

Wakubwa wa shirika walidhani wamepona. Haikuwa hivyo. Mwaka 1322 Yohane aliondoa katazo la Nikolao, akaruhusu kujadiliwa kama Kristo na mitume walikuwa na mali. Ndugu walikutana Perugia mwezi wa Juni chini ya mkuu wao, Michael wa Cesena, mtu ambaye alikuwa amewapinga Waroho, wakatangaza ya kuwa Kristo na mitume hawakuwa na kitu, kila mmoja peke yake wala kwa pamoja. Jibu la Yohane lilitoka tarehe 8 Desemba mwaka uleule. Aliwarudishia milki ya vitu vyao. Tangu siku ile Kanisa la Roma halikutaka tena kuitwa mwenye vitu wanavyovitumia, isipokuwa makanisa, nyumba za kukaa, na vyombo, vitabu na mavazi ya ibada.

Hoja yake yataka kuangaliwa kwa makini, na Kiswahili chatupa njia nzuri ya kuieleza. Mwanamke akitaka kinu kwa jirani, huazima kinu. Akitaka kibaba cha unga, hakiazimi, hukikopa. Maana kinu kitarudi kilekile, lakini unga ule hautarudi kamwe, utarudi unga mwingine. Twajua ya kuwa siku hizi watu wengi huyachanganya maneno haya mawili, lakini tofauti yake ni ya kale na ni nzuri, na sheria ya Kirumi ilikuwa nayo vilevile. Papa Yohane alisimama juu ya tofauti hiyo. Kitabu cha mwingine naweza kukitumia, alisema, kisha bado ni cha mwingine. Lakini mkate? Kuutumia mkate ni kuumaliza, na wa kuumaliza ni mwenyewe. Ni nani mwenye akili timamu atakayeamini ya kuwa Papa aliyetangulia alitaka Kanisa la Roma liwe mwenye milki ya yai moja, ya kipande cha jibini, ya ganda la mkate, na fukara awe mtumiaji tu? Tena akasema kwamba mpango huo haukuwapunguzia ndugu wasiwasi hata kidogo; waliendelea kutafuta na kuweka kama watu wengine. Hapo, twaogopa, alisema kweli. Na akamaliza kwa kusema kwamba anayetumia kitu bila haki yoyote anakitumia kwa udhalimu. Ambayo, tukiitazama, ni mithali yetu ileile imevaa joho la hakimu.

Bonagratia wa Bergamo, mwanasheria wa shirika, alileta mfano uliokwisha kujulikana sana. Farasi, alisema, hula shayiri na kuimaliza, na hakuna mtu anayesema farasi ana milki ya shayiri. Kwa mfano huo na maneno mengine makali aliyoyasema mbele ya Papa mwezi wa Januari 1323, alitiwa gerezani. Sisi twaupenda mfano wa farasi, maana ndani yake mna unyenyekevu wa kweli: mtu msomi, bingwa wa sheria, anasimama barazani mwa Papa na kuomba ahesabiwe pamoja na mnyama wa zizini. Lakini waona pia shida yake. Farasi ana bwana.

Tarehe 12 Novemba, 1323, Yohane alitangaza kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume hawakuwa na kitu, kila mmoja peke yake au kwa pamoja, na tena kwamba hawakuwa na haki ya kuvitumia vile walivyokuwa navyo. Neno la Kilatini katika hukumu hiyo ni lile habere. Mwalimu atakayeitafsiri na ajihadhari. Akiandika hawakuwa na kitu, mwanafunzi atasema upesi, lakini walikuwa na mfuko; na akiandika hawakumiliki kitu, atakuwa amekwisha kuamua ugomvi kabla ya kuusimulia. Sisi huandika hawakuwa na kitu, kisha twaeleza kwa mdomo.

Michael wa Cesena aliitwa Avignon akazuiwa huko. Huko alimkuta mtawa wa Kiingereza, William wa Ockham, aliyekuwa ameitwa kwa mashtaka mengine. Usiku wa tarehe 26 Mei, 1328, wao na Bonagratia walitoroka, wakaenda Pisa, wakajiweka chini ya ulinzi wa Ludwig wa Bavaria, adui wa Papa. Ludwig alikuwa amekwisha kumweka Roma papa wa kwake, na papa huyo alikuwa Ndugu Mdogo, Pietro wa Corbara; miaka miwili baadaye akatubu kwa Yohane. Hivyo wana wa mtu aliyekimbia nguvu walijikuta wakigombea, kwa mkono wa mfalme, kiti kikubwa kuliko vyote. Tusiwahukumu upesi. Asiye na milki wala haki hana pa kukimbilia ila kwa mwenye nguvu mwingine, na hili ndilo pauper na potens la karne ya 9 limerudi.

Ockham aliandika kitabu kikubwa kumjibu Papa neno kwa neno, nacho huitwa Kazi ya Siku Tisini. Kiini cha jibu lake ni kwamba haki ni za namna mbili: iko ile ambayo mtu aweza kwenda nayo mahakamani, na iko ile ya mbinguni, itokayo katika ruhusa na akili njema. Mgeni aliyekaribishwa mezani anakula chakula cha mwenyeji na kukimaliza. Hakuiba. Lakini mwenyeji akiiondoa sahani, mgeni hana mashtaka. Ndugu Wadogo wameiacha haki ya kwanza, hawakuiacha ya pili. Katika nchi zetu, ambako mgeni hula bila kuuliza bei, jibu hili lafahamika bila kitabu. Na twadhani kwamba kama Ockham angekuwa na neno ruhusa na neno haki yakiwa yametengana kama yalivyotengana kwetu, angepunguza kurasa zake.

Yohane alikufa mwaka 1334 bila kuondoa hata neno moja. Shirika lilimchagua mkuu mwingine, likaendelea. Ugomvi wa ghala na kanzu haukwisha, hata mwaka 1517 Papa Leo X akalitenga shirika kuwa mawili, na mwaka 1528 wakapata ruhusa Wakapuchini, ambao ndugu zao wa Uswisi walifika Dar es Salaam mwaka 1921.

Michael naye hakukubali kwamba ameondolewa ukuu. Alikaa Munich katika nyumba ya shirika, na alipotoroka Avignon alikuwa ameuchukua muhuri wa mkuu wa shirika. Aliushika hata kufa kwake mwaka 1342. Kisha muhuri ulikuwa kwa Ockham, na baadaye ukarudishwa kwa shirika.